Kwa Nini Maombi ya Ndugu Zetu Walemavu Yanarudishwa?



Ndugu zetu wasomaji, akina baba na akina mama, na nyinyi vijana wanafunzi ambao ndio mnaowasomea wazee barua nyumbani: leo tunalizungumzia jambo ambalo tunaulizwa karibu kila Ijumaa watu wanapotoka msikitini, na majibu yake huwa ya nusunusu. Swali ni hili. Mtu ameanguka kutoka kwenye mti wa michikichi, au amevunjwa na kamba za wavu ziwani, hawezi tena kufanya kazi. Jamaa zake wanachanga nauli, wanampakia kwenye gari, wanamfikisha ofisini, na anarudi mikono mitupu. Wanasema: "Wamemkataa." Kwa nini?

Wengine wana jibu moja tu, kwamba hatupewi kwa sababu sisi ni Waislamu, au kwa sababu hatuna mtu wetu ndani. Hatusemi kwamba upendeleo haupo duniani. Lakini tukiyatazama maombi yenyewe kwa makini tunaona kwamba mengi yamekufa zamani, kabla hayajafika mezani kwa karani yeyote. Na katika kufa kwake, mkono wetu wenyewe umo.

Kwanza tujue ni mlango gani tunaobisha. Watu wanasikia kwamba kule Kenya mlemavu anapewa fedha na serikali, wanadhani na hapa iko hivyo hivyo. Ni kweli, Kenya ilianza mwaka 2011 kuzipa familia zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi, ingawa hata huko wanaoomba ni wengi kuliko nafasi. Zanzibar nayo ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Burundi hatuna posho ya namna hiyo kwa kila mlemavu. Serikali yetu ilithibitisha mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2014, ikatunga sheria ya kuwalinda mnamo Januari 2018. Ni sheria nzuri kuisoma. Ila sheria ya haki ni kitu kimoja, na mfuko wenye fedha ndani yake ni kitu kingine.

Fedha ya kila mwezi kwa aliyepoteza nguvu za kazi iko kwenye pensheni ya INSS, yaani ile taasisi ya usalama wa jamii iliyoundwa mwaka 1962. Hii si sadaka. Ni bima. Mfanyakazi anakatwa sehemu ya mshahara wake, tajiri wake anaongeza ya kwake, na siku mfanyakazi anapovunjika ndipo anapolipwa. Kuna fungu la ajali za kazini, ambalo mchango wake anaulipa tajiri peke yake, na kuna fungu la pensheni ya ulemavu kwa aliyeugua au kuumia nje ya kazi. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo ofisi inauliza si "Unaumwa wapi?" Swali la kwanza ni "Namba yako ni ipi?"

Hapo ndipo watu wetu wa pwani wanapokwama. Tazameni kazi zetu hapa Rumonge, Magara, Nyanza-Lac. Mvuvi wa ndagala hana mshahara. Usiku mzima yuko ziwani na taa zake, asubuhi samaki wanauzwa, wanatoa gharama za mafuta na matengenezo, kinachobaki wanagawana: fungu la mwenye mtumbwi na nyavu, na fungu la wavuvi. Mkikosa samaki wiki nzima, hakuna aliyepata kitu. Mtu anaweza kuvua kwa tajiri mmoja miaka ishirini, na mbele ya sheria ya michango hakuna karatasi hata moja inayoonyesha kwamba aliwahi kuajiriwa. Siku kamba inapomkata vidole, tajiri atampeleka hospitali kwa huruma yake, pengine atamlipia na dawa, Mwenyezi Mungu amlipe. Lakini pensheni haipo, kwa sababu mchango haukuwapo.

Na mpanda michikichi ni hivyo hivyo. Huyu tunamsahau sana, wakati mawese ndiyo yanayoulisha mji wetu. Anapanda na mkanda wake na panga lake, analipwa kwa idadi ya mikungu aliyokata. Mkanda ukikatika, mgongo umekwisha. Leo kafanya kazi kwenye shamba la fulani, kesho la mwingine. Nani alikuwa tajiri wake siku ile? Kila mmoja atamwonyesha mwenzake.

Sasa tuseme jambo ambalo baadhi ya wasomaji wetu hawatalipenda. Wenye mitumbwi, wenye mashamba, wenye maduka na mashine za kukamulia mawese, wengi wao tunasali nao safu moja. Hao ni ndugu zetu. Wako wanaowaandikisha wafanyakazi wao, tunawashukuru. Na wako wanaosema, "Mimi na vijana wangu tunaaminiana, karatasi za nini?" Kuaminiana ni jambo jema, lakini tajiri akifa, watoto wake hawatarithi ile imani, watarithi mtumbwi. Wengine ni wabaya zaidi: wanamkata dereva au muuza duka sehemu ya mshahara wake wakisema ni ya INSS, kisha hawaipeleki. Huyo anayefanya hivyo anakula amana ya mtu mwingine, na hahitaji sisi tumfasirie hukumu yake. Sisi tunasema tu kwamba mfanyakazi huyo akienda kuomba ataambiwa kwamba jina lake halimo, na lawama zote zitakwenda kwa karani ambaye hajui lolote.

Vijana mnaofanya kazi, basi, msingoje kuumia. Ukiwa na ajira yenye mshahara, nenda uulize mwenyewe kama umeandikishwa na kama michango inaingia. Kwa ajali ya kazini hakuna kungoja miaka, lakini kwa pensheni ya ulemavu sheria inataka uwe umeandikishwa kwa muda wa kutosha, na michango iwe imeingia katika miezi ya karibuni kabla ya kuumia. Mtu aliyechangia miaka kumi, kisha akaacha kwa miaka mitatu, anaweza kukuta mlango umefungwa. Mnamo Mei 2020 nchi yetu ilipata sheria mpya ya kinga ya jamii, inayofungua njia kwa watu wasio na mshahara. Tungependa sana kuona vyama vya wavuvi na vyama vya wakulima wa michikichi vikienda pamoja kuuliza njia hiyo inapitika vipi. Mvuvi mmoja mmoja hataweza. Chama kina mwenyekiti, kina mweka hazina, na fungu dogo linaweza kutolewa juu ya kila mauzo kabla ya kugawana, kama yanavyotolewa mafuta ya injini.

Tuje kwenye karatasi. Hapa tutakaa kidogo, maana hapa ndipo wanapoumia hata wale waliochangia vizuri.

Jina. Sisi Waislamu wa Burundi majina yetu yameandikwa na watu wengi kwa namna nyingi. Mtoto anaitwa Juma, tarafani wanamwandika Djuma. Rajabu anakuwa Radjabu. Aisha ni Asha kwa bibi yake, Aïcha kwenye cheti cha shule, na Aysha kwenye cheti cha madrasa. Wengine wana jina la Kirundi kwenye karangamuntu, na kazini wanajulikana kwa jina la Kiislamu tu. Kwa mama yako wewe ni mtu mmoja. Kwa ofisi ninyi ni watu watatu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekamilisha michango. Kisha wako ndugu zetu waliokimbia mwaka 1972, wakazaa na kulea Tanzania, wakarudi baada ya miaka thelathini na zaidi. Hao wana karatasi za kambini zenye tahajia ya Kitanzania, na tarehe ya kuzaliwa ambayo ni tarehe mosi Januari, wao na nusu ya jirani zao, kwa sababu aliyekuwa akiandika hakuwa na muda wa kuuliza.

Mahali. Mtu aliyezaliwa hapa Rumonge mjini na hajawahi kuhama, cheti chake cha zamani kinasema mkoa wa Bururi. Mwaka 2015 Rumonge ikawa mkoa wake yenyewe, karatasi za miaka hiyo zinasema mkoa wa Rumonge. Na tangu mpangilio mpya wa mikoa mitano ulipoanza kutumika mwaka 2025, Rumonge ni tarafa ndani ya mkoa wa Burunga. Nyumba ni ile ile, mwembe uko pale pale, mikoa mitatu! Sisi tunaelewa. Lakini usitegemee kwamba kila karani ataelewa. Nenda na cheti cha makazi kipya kutoka kwa viongozi wa mtaa wako.

Na maji. Ziwa lilipopanda mwaka 2024 nyumba nyingi za pwani ziliingiliwa, watu wakaokoa watoto na magodoro. Makaratasi yalibaki. Aliyepoteza cheti chake wakati ule asingoje siku ya shida. Akaombe nakala sasa, akiwa bado mzima na ana miguu ya kwenda tarafani.

Jambo la daktari nalo linachanganya watu. Familia inadhani ikionekana tu kwamba mtu ni kilema, basi imetosha. Ofisi haipimi kilema, inapima kazi. Kipimo cha pensheni ya ulemavu ni kwamba mtu amepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wake wa kujipatia riziki. Kwa hiyo cheti kinachosema "mgonjwa amevunjika mguu wa kulia" hakitoshi. Mguu uliovunjika na kupona ni kitu kingine, na mguu usioweza kubeba mzigo wala kusimama saa nzima ni kitu kingine. Muombe daktari, kwa adabu, aandike mtu huyu alikuwa akifanya kazi gani, hawezi kufanya nini tena, na kama kuna matumaini ya kurudi kazini. Wazee wetu wana tabia ya kumwambia daktari "Alhamdulillah, sijambo" hata kama hawakulala usiku. Kumshukuru Mungu ni wajibu, lakini daktari anaandika anachoambiwa, na "sijambo" ikishaandikwa kwenye faili haifutiki. Mwana aende na mzee wake, aseme ukweli wote.

Wengine wanasema, basi tungojee mradi wa Merankabandi. Mradi ule ulikubaliwa na Benki ya Dunia mwishoni mwa mwaka 2016, dola milioni 40, ukaanza katika mikoa minne: Gitega, Karuzi, Kirundo na Ruyigi. Pwani yetu haikuwamo katika hiyo minne. Tena ulilenga kaya maskini sana zenye watoto, na kaya zilichaguliwa kwa kuulizwa maswali kuhusu nyumba na mali. Haukuwa mfuko wa walemavu, ingawa mlemavu maskini mwenye watoto aliweza kuchaguliwa kama maskini wengine. Tunalitaja hili kwa sababu mtu aliyenyimwa kitu ambacho hakikuwekwa kwa ajili yake hakukataliwa. Alikosea mlango. Na kumweleza mapema ni bora kuliko kumwacha akope nauli.

Kuna kosa jingine linalotuuma sana: watu kukubali jibu la mdomo. Ofisini wanaambiwa "haiwezekani" au "rudi wiki ijayo", wanarudi nyumbani. Kutoka Rumonge hadi Bujumbura ni kilomita zipatazo 75, na kwa mtu anayebebwa mgongoni ni safari ya nchi nyingine. Akienda mara tatu amemaliza akiba, anaacha. Ndugu zetu, jibu la mdomo halina rufaa. Andikeni ombi kwa maandishi, mbaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa, na kama mnakataliwa ombeni barua yenye sababu. Mwenye barua anaweza kuomba lichunguzwe upya, anaweza kwenda kwa Ombudsman, taasisi iliyoanza mwaka 2010 na ambayo wa kwanza kuiongoza alikuwa Bwana Mohamed Rukara, na anaweza kufika hadi mahakamani. Asiye na barua ana hadithi tu. Wanafunzi wa sekondari mnaojua Kifaransa, hapa ndipo kazi yenu ilipo. Barua moja iliyoandikwa vizuri na kijana wa darasa la mwisho inamfaa jirani kuliko mahubiri yetu haya.

Wengi wetu pia tuna watu Marekani. Kati ya wale waliokimbia mwaka 1972, maelfu walichukuliwa kutoka kambi za Tanzania kuanzia mwaka 2007 na kusambazwa katika majimbo ya huko, na miongoni mwao wamo wazee waliozaliwa pwani hii. Wanatupigia simu wakilalamika kwamba wamenyimwa fedha za ulemavu, ile inayoitwa SSI. Kwanza wasivunjike moyo: huko karibu theluthi mbili ya maombi ya mara ya kwanza hukataliwa, hata ya Wamarekani wenyewe. Kinachowaponza wazee wetu ni mambo wanayoyaona madogo. Mtu mmoja haruhusiwi kuwa na zaidi ya dola 2,000, kiwango ambacho hakijabadilika tangu mwaka 1989. Sasa mzee anaaminiwa na wenzake, anawekewa fedha za upatu kwenye akaunti yake, au mchango wa msiba, au mtoto wake anaweka jina la mama kwenye akaunti ya pamoja. Kwa serikali ile ni mali ya mzee. Ombi limekwisha. Kwa desturi zetu kutunziana fedha ni heshima, na hatuombi watu waiache. Tunaomba atunze mwingine.

Barua ya kukataa ikija, wana siku 60 za kukata rufaa. Wengi wanaiweka juu ya kabati mpaka mjukuu aje, na siku zinakwisha. Mkalimani wa Kiswahili au Kirundi ni haki yao bila malipo, wasikubali mtoto wa miaka kumi atafsiri maneno ya daktari. Zamani kutojua Kiingereza kulihesabiwa kama kikwazo kimojawapo cha kupata kazi. Tangu Aprili 2020 hakuhesabiwi tena, kwa hiyo ushahidi wa ugonjwa ndio unaobeba kila kitu. Na mkimbizi ambaye hajawa raia analipwa miaka saba tu. Baada ya hapo fedha inakatika hata kama bado ni kipofu, mpaka apate uraia. Kuna fomu ya daktari inayomwondolea mgonjwa mtihani wa Kiingereza na historia, waiulizie mapema. Tena mzee wa SSI akija huku kutembelea makaburi ya wazazi, akakaa siku 30 mfululizo nje ya Marekani, malipo yanasimama, na hayarudi mpaka akae tena siku 30 huko. Tunapenda wageni wetu wakae, lakini tuwakumbushe tarehe.

Limebaki la nyumbani. Tuna familia zinazoficha watoto walemavu. Mtoto hana cheti cha kuzaliwa, hakuandikishwa tarafani, hakupelekwa shule wala madrasa, majirani wanajua tu kwamba "yupo mmoja ndani". Wazazi wanaona aibu, au wanaogopa maneno ya uchawi na laana. Sisi tunajua kwamba Abdullah ibn Umm Maktum alikuwa kipofu, na Mtume (S.A.W.) alimfanya muadhini, tena akamwachia Madina aisimamie alipokuwa safarini. Hakufichwa chumbani. Na tukiacha hilo la dini, kuna hesabu rahisi: mtoto asiyeandikwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hakuna bajeti itakayomkumbuka, wala chama cha walemavu kitakachomdai. Kituo cha maendeleo ya familia na jamii, CDFC, ndicho cha kuanzia kwa mtoto wa namna hii.

Tumewaomba maimamu wa misikiti ya mjini na ya fukwe waweke daftari moja tu, la kuandika nani yuko nyumbani mwenye ulemavu, ana karatasi gani, na hana ipi. Zaka na sadaka zitaendelea kuwafikia, insha-Allah, kama zilivyokuwa. Ila fungu la zaka linakuja mara moja kwa mwaka, na mtu anakula kila siku. Wenye mitumbwi waliokuwapo Ijumaa iliyopita wameahidi kuleta majina ya wavuvi wao kabla ya mwezi kuandama. Majina hayo yaandikwe kama yalivyo kwenye karangamuntu, herufi kwa herufi, Djuma abaki Djuma.